Maji ya Camp Lejeune na Parkinson iliyokuja miaka 30 baadae

Baba mkubwa wangu alianza na kidole gumba. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vilikuwa vinasuguana taratibu kama mtu anayeviringisha tonge kabla ya kulichovya, na yeye mwenyewe hana habari, anaangalia zake taarifa ya habari. Baadae kikombe kikawa kinagonga kisosi. Alafu akaanza kuinamia meza ili anywe chai bila kukinyanyua kikombe, na wageni wakija mkono anauficha katikati ya magoti. Majirani wakasema uzee huo, wengine wakasema maneno mengine ambayo sitaki kuyarudia hapa kwa sababu yalimuumiza sana. Ilipita miaka kama mitatu ndo daktari mmoja akalitaja neno Parkinson, na pale pale nje ya kliniki shangazi akauliza, "Sasa hii kaitoa wapi?"

Daktari alisema kwa watu wengi chanzo hakijulikani. Ni kweli, kwa mgonjwa mmoja mmoja ni ngumu sana kusema. Lakini lile swali la shangazi lilinikaa kichwani nikaanza kusoma usiku usiku, na katika yote niliyosoma mahali ambapo swali hilo limejibiwa vizuri ni kambi moja ya jeshi huko North Carolina, Marekani, inaitwa Camp Lejeune. Nataka nikieleze hiki kisa chote kwa sababu kina kila kitu ndani yake, sumu yenyewe, onyo lililoandikwa kabisa kwenye karatasi, pampu ambazo zingeweza kuzimwa siku ile ile, na ugonjwa uliokuja miaka 30 baadae wakati wahusika wote wameshastaafu.

Camp Lejeune ni kambi ya Marine, kikosi cha wanamaji wa Marekani, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 karibu na mji wa Jacksonville. Ni kambi kubwa, ina nyumba za familia, shule, hospitali, karakana, maghala, kila kitu. Maji yao walikuwa wanayatoa chini ya ardhi, visima vingi vinavutwa na pampu, yanachanganywa kwenye mtambo wa kusafisha, alafu ndo yanaenda majumbani. Hili la kuchanganya lishike maana nitalirudia. Mitambo miwili ndo yenye kesi hapa, wa Hadnot Point ulioanza 1942 na wa Tarawa Terrace ulioanza 1952.

Kwenye upande wa Tarawa Terrace shida ilitoka nje ya kambi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na dobi wa draiklini, ABC One-Hour Cleaners, alifungua 1953. Draiklini hawafui kwa maji, wanafua kwa kemikali, na yeye alikuwa anatumia pakloroethilini, wenyewe wanaiita PCE. Ile kemikali ikishatumika inachemshwa ili itumike tena, na chini ya mtungi yanabaki masimbi mazito. Yale masimbi walikuwa wanafukia mashimo kwenye njia ya gari pale dukani. Yani unaona shimo, una tope la kemikali, unajaza shimo. Maji machafu nayo yanaenda kwenye tangi la chini, na lile tangi linavuja. Mvua ikinyesha kila kitu kinashuka taratibu kwenda kwenye maji ya chini ya ardhi, na visima vya Tarawa Terrace viko hapo jirani vinavuta.

Hadnot Point ilikuwa mambo ya jeshi lenyewe. Matangi ya mafuta yaliyofukiwa yanavuja, taka zinatupwa ovyo, na kemikali za karakana zinamwagwa chini. Kubwa kuliko zote ni traikloroethilini, TCE, dawa ya kuondoa grisi kwenye vyuma. Ukiwa na bunduki, gari, ndege, mtambo wowote wenye grisi, unaichovya au unaipangusa na TCE, grisi yote inaondoka na chuma kinakauka chenyewe. Ilipendwa duniani kote karne iliyopita. Kuna wakati ilitumika hadi kuondoa kafeini kwenye kahawa, na mahospitalini iliwahi kutumika kama dawa ya usingizi. Harufu yake ni tamu tamu, haichomi pua, kwa hiyo mtu hana sababu ya kuikimbia.

Serikali yao imekubali kwamba muda wa hatari ni kuanzia Agosti 1953 hadi Desemba 1987. Hiyo ni zaidi ya miaka 34. Watu waliopita pale kwenye muda huo, wanajeshi, wake zao, watoto, wafanyakazi raia, wanakadiriwa kufika milioni moja. Na usifikirie kunywa tu. Kemikali hizi zinapaa kirahisi, ukifungua bomba la maji ya moto bafuni mvuke unajaa na wewe unauvuta. Kijana wa miaka 19 karudi kutoka kwenye mazoezi, anasimama chini ya bomba la moto, anakunywa maji glasi baada ya glasi, kesho tena, keshokutwa tena.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mimi nikiisoma damu inachemka.

Mwaka 1980 kambi ililazimika kupima maji kwa sababu nyingine kabisa, kulikuwa na kanuni mpya kuhusu kemikali zinazotokea maji yakiwekwa klorini. Sampuli zikapelekwa kwenye maabara ya jeshi. Kuanzia Oktoba 1980 majibu yakawa yanarudi na maelezo pembeni kwamba kuna kitu kingine kwenye haya maji, kinavuruga vipimo. Mkuu wa ile maabara akawa anaandika kwa mkono chini ya fomu. Mwezi wa tatu 1981 akaandika kwamba maji yamechafuliwa sana na haidrokaboni nyingine zenye klorini, akaweka mabano, ndani ya mabano akaandika kwamba ni solventi, yani kemikali za kuyeyushia grisi na uchafu, alafu akamalizia kwa alama ya mshangao. Hebu fikiria, fomu ya maabara ya serikali, sehemu ambayo huwa watu wanaandika namba na sahihi basi, mtu kaweka alama ya mshangao. Yule bwana alikuwa anapiga kelele kwa kalamu.

Hakuna pampu iliyozimwa.

Mwaka 1982 kambi ikawa inatumia maabara ya kiraia. Wakemia wa pale wakaona kitu kile kile, wakapiga simu mwezi wa tano, mwezi wa nane wakaandika barua wakataja TCE na PCE kwa majina. Sampuli moja ya Hadnot Point ya Mei 1982 ilikutwa na TCE 1,400 kwa bilioni, yani maikrogramu 1,400 kwenye lita moja ya maji. Kikomo cha EPA, mamlaka yao ya mazingira, kilichokuja kuanza kutumika 1989 ni 5. Kwa hiyo ni mara 280. Tarawa Terrace nako PCE ilikuja kupimwa 215, kikomo chake pia ni 5.

Watetezi wa kambi wanasema wakati ule hapakuwa na kikomo cha kisheria cha kemikali hizi. Ni kweli hapakuwa. Lakini mtu akikuambia kwenye maji ya kunywa ya familia zako kuna dawa ya kuoshea vyuma, wewe unasubiri sheria ya nini?

Turudi kwenye lile la kuchanganya maji. Visima vilikuwa vinapokezana, leo pampu hizi zinafanya kazi, kesho zingine. Kwa hiyo maji ya bombani yanabadilika, siku moja yanapimwa yana sumu nyingi, siku nyingine kidogo, na ukitaka kujidanganya unachukua kile kipimo cha chini unasema labda kile cha juu kilikosewa. Njia ya kujua ilikuwa moja tu, nenda kapime kisima kimoja kimoja. Kazi hiyo ya kawaida kabisa ilikuja kufanyika mwishoni mwa 1984. Na walipopima ndo wakakuta. Kisima kimoja cha Hadnot Point, namba 651, mwezi wa pili 1985 kilikuwa na TCE 18,900. Sijakosea sifuri. Visima vilivyochafuka zaidi vikafungwa kati ya Novemba 1984 na Februari 1985.

Kutoka ile alama ya mshangao hadi visima kufungwa ni karibu miaka minne. Na hata kwenye kufunga kwenyewe, mwishoni mwa Januari 1985 mtambo wa tatu, wa Holcomb Boulevard, uliokuwa na maji mazuri, ukaingiliwa na mafuta yaliyovuja ikabidi usimame, wakafungulia watu wake maji ya Hadnot Point kwa siku kadhaa, nyumba na shule.

Aprili 1985 wakazi wa Tarawa Terrace wakapata barua kutoka kwa uongozi wa kambi. Barua ilisema visima viwili vimetolewa kwenye huduma kwa sababu kumeonekana kiasi kidogo sana cha kemikali fulani. Kiasi kidogo sana. Wakaombwa wapunguze matumizi ya maji, wasimwagilie bustani. Wengine waliokuwa wameshahamishiwa vituo vingine hawakupata hata hiyo barua.

Mmoja wa waliokosa habari ni Jerry Ensminger, sajini wa Marine aliyetumikia karibu miaka 25. Binti yake Janey, mimba yake ilitungwa wakati familia inaishi Tarawa Terrace. Janey akapata saratani ya damu na akafariki Septemba 1985 akiwa na miaka tisa. Baba akakaa miaka 12 anajiuliza kwa nini mwanae. Jioni moja 1997 amejipakulia sahani ya tambi anaelekea sebuleni kula huku anaangalia habari, anasikia mtangazaji anasema maji ya Camp Lejeune yalikuwa na kemikali zinazoweza kuhusiana na saratani za watoto. Sahani ikamtoka mikononi ikaanguka chini. Kuanzia hapo ndo akaanza kutafuta makaratasi, na fomu zile za maabara zimejulikana kwa watu wa kawaida kwa sababu ya watu kama yeye waliokataa kunyamaza. Mwaka 2012 Marekani ikapitisha sheria ya kuwatibu wanajeshi na familia za pale, sehemu ya sheria hiyo ina jina la Janey.

Nimeileta habari ya saratani ingawa mada ni Parkinson, kwa sababu ndivyo mambo yalivyokwenda. Saratani ya mtoto inakuja ndani ya miaka michache, watu wanaiona, wanaunganisha. Parkinson haiko hivo. Kijana amekunywa maji 1979, akatoka jeshini, akaoa, akafanya kazi zake huko Ohio au Texas, akafika miaka 50 na kitu ndo mkono unaanza. Nani atakumbuka bomba la kambini?

Ubongoni kuna sehemu ndogo yenye seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayofanya mwili utembee vizuri bila kufikiria. Parkinson ni seli hizo kufa. Zinakufa taratibu, na mpaka mtu anaanza kutetemeka nyingi zimeshaondoka, kwa hiyo ugonjwa unakuwa umeanza miaka mingi kabla ya daktari kuuona. Kuna dalili za mapema ambazo hakuna anayezitilia maanani, kupoteza harufu, kukosa choo, kupiga mateke na kupiga kelele usingizini. (Baba mkubwa alikuwa hasikii harufu ya vitunguu vinavyoungua tangu zamani, mama mkubwa anakumbuka, alidhani mafua.)

TCE inapenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi, kwa hiyo inapita inaingia. Ndani ya seli inagusa mitokondria, hapo ndo seli inapotengenezea nguvu yake, na seli za dopamini zinatumia nguvu nyingi kuliko nyingine nyingi kwa hiyo ndo zinaumia kwanza. Panya wa maabara waliopewa TCE wamepoteza seli hizo hizo. Wala siyo kemikali ya kwanza kuonyesha hivi. Mwaka 1982 huko California vijana watumiaji wa dawa za kulevya walijidunga heroini ya bandia iliyokosewa kutengenezwa, ndani ya siku chache wakaganda kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi. Kilichowafanya hivyo ni kemikali inayoitwa MPTP, na nayo inapiga mitokondria mahali pale pale. Dawa ya magugu ya parakwati ina umbo la karibu na kile MPTP inachogeuka mwilini, ndo maana nayo ina kesi zake.

Dalili kwamba TCE inahusika zilianza kuonekana kidogo kidogo. 2008 watafiti wa Kentucky waliandika kuhusu wafanyakazi 30 wa kiwanda kimoja, watatu kati yao ambao walikaa jirani kabisa na mahali TCE inapotumika walikuwa na Parkinson, na wengine waliokaa mbali kidogo walikuwa na dalili za kupungua kasi ya mikono. Alafu ukaja utafiti wa mapacha, jozi 99 ambazo pacha mmoja ana Parkinson mwenzake hana, wakaulizwa kazi zao za maisha yote. Aliyefanya kazi na TCE uwezekano wake wa kuwa ndiye mgonjwa ulikuwa mara sita hivi. Waliofanya kazi na TCE kwenye kundi hilo walikuwa wachache kwa hiyo namba ile si ya kuiegemea kwa uzito wote, lakini uzuri wa mapacha ni kwamba unapunguza sana ule ubishi wa kusema ni mambo ya ukoo.

Na 2023 ndo ukaja ule wa Lejeune wenyewe, umeongozwa na daktari Samuel Goldman wa San Francisco, umetoka kwenye jarida la JAMA Neurology. Walichofanya ni hivi. Walichukua wanajeshi wote waliokaa Camp Lejeune angalau miezi mitatu kati ya 1975 na 1985, wakawalinganisha na wanajeshi wa kambi nyingine ya Marine, Camp Pendleton ya California, miaka ile ile. Jumla watu 340,489. Watu wa aina moja, umri mmoja, kazi zile zile, mazoezi yale yale, tofauti kubwa ni maji. Karibu nusu yao, watu 158,122, walikuwa na rekodi za matibabu kwenye mfumo wa hospitali za wanajeshi wastaafu. Wakapekua, wakakuta wagonjwa 430 wa Parkinson, 279 wa Lejeune na 151 wa Pendleton. Baada ya mahesabu yote, waliokuwa Lejeune wana uwezekano wa juu kwa asilimia 70.

Niseme hapa wazi ili mtu asije akatishika kupita kiasi au akadharau. Kwa elfu moja wa Pendleton wagonjwa walikuwa kama wawili, kwa elfu moja wa Lejeune kama watatu na zaidi kidogo. Wengi sana walikunywa yale maji na hawana Parkinson. Mtu mmoja akija na ugonjwa huwezi kumfungua kichwa ukaonyesha kwamba hizi hapa seli zimeuliwa na TCE. Lakini hao watu walikuwa bado hawajafika uzeeni, wastani miaka 60 hivi, na Parkinson inaongezeka kadiri umri unavyokwenda. Alafu zidisha kwa watu milioni moja. Kitu kingine kilichonigusa, hata wale wa Lejeune ambao hawana Parkinson walikuwa na zile dalili za mapema kwa wingi zaidi, mtetemo na mengineyo, yani inawezekana kuna wengine bado wako njiani.

Na siyo wanajeshi peke yao. Brian Grant, aliyecheza NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, miaka 12, alikutwa na Parkinson akiwa na miaka 36. Baba yake alikuwa Marine pale Lejeune, yeye akiwa mtoto mdogo wa miaka kama mitatu, anaoga na kunywa maji yale. Mtu mwenye mwili wa mchezaji, miaka 36. Nani atasema uzee?

Sasa nirudi kwenye karatasi, maana kwangu mimi kiini cha hiki kisa kiko hapo. Huu utafiti umewezekana kwa sababu kulikuwa na makaratasi ya aina tatu. Ya kwanza ni orodha ya jeshi, nani alikuwa kambi gani mwaka gani. Ya pili ni vipimo vya maji, hata kama viliachwa kwenye makabati. Ya tatu ni mafaili ya hospitali. Ukiunganisha hayo matatu unaona kitu ambacho hakuna daktari mmoja angeweza kukiona akiwa na mgonjwa mmoja mbele yake. Ugonjwa unaochelewa miaka 30 hauonekani kwa macho, unaonekana kwenye kumbukumbu zilizotunzwa.

Na ukikosa kuelewa huko kuchelewa, sheria yenyewe inamgeuka mgonjwa. North Carolina walikuwa na sheria kwamba miaka 10 ikipita tangu tendo la mwisho la mchafuzi huwezi kufungua kesi tena, hata kama wewe umeugua leo. Mahakama Kuu ya Marekani 2014, kwenye kesi nyingine ya maji ya kisima yenye TCE huko huko North Carolina, ikasema sheria hiyo inasimama, na 2016 kesi za watu wa Lejeune zikatupwa, na hiyo miaka 10 ikiwa moja ya sababu. Hesabu wewe mwenyewe. Visima vimefungwa 1985, mlango wa mahakama umefungwa 1995, watu wameambiwa 1997, mikono imeanza kutetemeka miaka ya 2000. Mtu amefungiwa mlango kabla hajaugua na kabla hajajua kwamba alinyweshwa sumu.

Ilibidi bunge liingilie. 2017 idara ya wanajeshi wastaafu iliitaja Parkinson kwenye magonjwa manane ambayo mstaafu wa Lejeune aliyekaa pale siku 30 au zaidi hahitaji tena kuthibitisha chanzo. Agosti 2022 ikapita sheria ya kuruhusu watu kudai fidia mahakamani, wakapewa miaka miwili, na madai zaidi ya 400,000 yakapelekwa kwa jeshi la majini. Kuna utaratibu wa kulipwa haraka bila kesi, mwenye Parkinson anapata kati ya dola 100,000 na 400,000 kutegemea alikaa muda gani. Wengi bado wanasubiri, na hawa ni wazee wagonjwa, kila mwezi wanaondoka. Desemba 2024 EPA ikatangaza kupiga marufuku matumizi yote ya TCE na kubana sana PCE, madobi wakapewa miaka 10 kuiacha, kesi zikafunguliwa hapo hapo na baadhi ya vipengele vikasogezwa mbele.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Marekani. Kwenye draiklini PCE imetumika dunia nzima. Na kwetu utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliotoka 2008, ulionyesha wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliokutwa hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo. Kama mgonjwa mwenyewe hajulikani, chanzo utakijulia wapi? Pale Lejeune walikuwa na karatasi zote tatu na bado imechukua zaidi ya miaka 40 kutoka alama ya mshangao hadi asilimia 70. Sisi tuna ipi?

Kama una mzee anayetetemeka, au hata ambaye hajatetemeka, muulize na uandike. Alifanya kazi wapi, mwaka gani hadi gani, alishika dawa gani kwa mikono, kisima cha maji ya nyumbani kilikuwa karibu na nini. Majina ya kemikali asipoyajua andika rangi ya pipa na harufu. Na kama wewe ni fundi, unaoshea vyuma dawa usiyoijua jina kwenye chumba kisicho na dirisha, tafuta jina lake leo, fungua mlango, vaa glavu, na usimwage mabaki nyuma ya karakana maana kuna mtu anavuta maji chini ya hapo.

Mimi nilifanya hivyo mwezi uliopita. Nilienda kwa baba mkubwa asubuhi, muda ambao dawa zake zimeshafanya kazi na mkono umetulia, nikampa daftari na kalamu nikamwambia, shikamoo baba, naomba uniandikie kazi zote ulizowahi kufanya. Akaniuliza za nini. Nikamwambia ni za shangazi, lile swali lake. Akacheka, akaandika. Mstari wa kwanza herufi kubwa nzuri za shule ya zamani, shamba la mkonge, mwaka na mwezi. Wa pili herufi zimepungua, udereva. Wa tatu karakana, na hapo akasimama akanisimulia pipa la kuoshea vyuma, vijana wanatumbukiza mikono hadi kwenye viwiko, chuma kinatoka kinang'aa na hakihitaji kupanguswa, kinakauka chenyewe. Nikamuuliza jina la ile dawa. Akasema waliiita dawa tu. Harufu je? Akafikiria kidogo, akasema haikuwa mbaya. Akaendelea kuandika, mwaka wa kuanza na mwaka wa kumaliza, lakini herufi zilikuwa zinazidi kuwa ndogo kila neno, na pale kwenye mwaka wa kumaliza nimeangalia kwa tochi ya simu, nimeangalia tena nyumbani, sijaweza kusoma.